Maana ya Kiongozi Kuwajibika

Neno hili "kuwajibika" lasikika sana siku hizi katika mabaraza, katika redio na hata vilabuni, lakini ukiwauliza watu watatu maana yake huenda ukapata majibu matatu. Mmoja atasema ni kufukuzwa kazi. Wa pili atasema ni kuomba radhi. Wa tatu, naye pengine ni mwenyekiti wa kijiji ambaye hesabu zake hazijasomwa tangu masika, atasema ni maneno ya wanasiasa wa mjini tu. Basi twaona yafaa kulieleza neno hili kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe ya Tanzania, maana mfano ulio karibu hufahamika upesi kuliko maelezo marefu.

Asili ya neno ni wajibu, yaani jambo lililo lazima. Wazee wetu walisema kwamba imemwajibikia mtu kuwatunza wazazi wake, wala hawakuwa na maana nyingine. Siku hizi neno limepata maana ya pili, nayo ni kiongozi kusimama mbele ya watu na kuyachukua mabaya yaliyotendwa chini ya mkono wake, hata kama ni lazima akiache kiti. Watu wengi hudhani latokana na neno "jibu". Walimu wajua kwamba sivyo, maana maneno hayo mawili yametoka katika mashina mbalimbali ya Kiarabu, lakini kosa hilo si baya sana, kwa kuwa kiongozi anayewajibika ni yule anayekubali kuulizwa.

Sasa tusimulie habari yenyewe. Katika miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilipatwa na msiba wa mauaji. Wazee, na hasa wanawake vikongwe, walikuwa wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Serikali ikawatuma askari polisi na maofisa wa usalama kuwasaka wauaji. Nia ilikuwa njema kabisa, kwani ni nani asiyetaka bibi yake alale salama? Lakini watu waliokamatwa walipigwa na kuteswa ili waungame, na baadhi yao wakafa mikononi mwa wale waliowashika. Habari hizo zikafika Dar es Salaam, uchunguzi ukafanywa, na mambo yakaonekana kuwa ni kweli.

Wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani mkubwa wa polisi wote, alikuwa Bwana Ali Hassan Mwinyi, ambaye zamani alikuwa mwalimu. Hakuna aliyedai kwamba yeye alimpiga mtu, wala kwamba alitoa amri mtu apigwe. Hata hivyo mwezi wa Januari 1977 alimwandikia Rais Nyerere barua ya kujiuzulu, naye Rais akakubali. Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, Bwana Peter Siyovelwa, akaacha kazi vilevile, na wakuu wa mikoa ile miwili wakafanya hivyo hivyo. Maofisa waliotenda maovu yenyewe walishitakiwa mahakamani, na wengine wakafungwa.

Msomaji atazame vema jinsi mambo yale yalivyogawanyika. Waliopiga walikwenda mahakamani, maana wao walikuwa na hatia. Waziri hakwenda mahakamani, maana hakuwa na hatia. Lakini alitoka katika kiti, maana alikuwa na dhamana. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mtu akiambiwa awajibike hujibu kwa hasira, "Mimi nimefanya kosa gani?" Naam, pengine hakufanya kosa lo lote. Lakini swali si hilo. Swali ni hili: watu hawa waliotenda mabaya walikuwa chini ya nani, na huyo mkubwa alikuwa akitazama wapi? Wazee walisema kwamba mkubwa ni jalala, na sisi tulipokuwa watoto tulidhani maana yake ni kwamba mkubwa avumilie matusi tu. Tulipokua tukaona kwamba jalala hupokea taka za nyumba nzima, hata zile ambazo mwenye nyumba hakuzitupa yeye.

Sisi tuliofanya kazi ya ukarani twalijua jambo hili kwa kadiri yetu ndogo. Katika afisi moja tuliyoanzia kazi, kijana mmoja aliyetunza sanduku la fedha alipunguza shilingi, ama kwa ujinga ama kwa tamaa. Karani mkuu hakuwako siku ile, alikuwa mgonjwa. Aliporudi alikuta minong'ono afisi nzima. Akamwendea bwana mkubwa kabla ya kuitwa, akasema, "Ufunguo nilimpa mimi." Kijana akachukuliwa hatua zake kwa sheria, karani mkuu akakatwa mshahara muda wa miezi kadha, wala hakunung'unika. Wakati ule tulimwona mjinga. Miaka mingi imepita, na katika wakubwa wote tuliowatumikia ni yeye tunayemkumbuka kwa heshima.

Turudi kwa Bwana Mwinyi. Baada ya kutoka uwaziri alipelekwa Misri kuwa balozi. Wako waliosema, "Kumbe hakuadhibiwa, amepewa ubalozi!" Watu hao hawakufahamu. Kuwajibika si adhabu; adhabu ni kazi ya mahakama, nayo hupewa mwenye hatia. Mwaka 1982 alirudishwa katika uwaziri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwezi wa Novemba 1985 akawa Rais wa Tanzania nzima, akatawala miaka 10. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, akazikwa Mangapwani kule Unguja; na siku za maombolezo barua ile ya 1977 ilitajwa tena na tena. Hatusemi kwamba kila atakayejiuzulu atakuwa Rais. Wengi hurudi kulima, wala hakuna awaulizaye habari. Twasema tu kwamba yule anayeng'ang'ania kiti kwa kuogopa aibu huenda amekosea hesabu yake.

Hapa yafaa tutenge maneno matatu ambayo magazeti huyachanganya. Kujiuzulu ni kuacha kazi kwa hiari, kwa sababu yo yote ile, hata ya ugonjwa. Kung'atuka ni neno la Kizanaki alilolileta Mwalimu Nyerere alipokuwa akitoka madarakani mwaka 1985, nalo ni kuwapisha wengine kwa kuwa wakati umefika, pasipo kosa. Kuwajibika ni kutoka kwa sababu jambo baya limetendeka chini yako. Waziri huweza kujiuzulu pasipo kuwajibika: hutoka, lakini husema kwamba ameonewa.

Jambo la namna hiyo lilionekana tarehe 7 Februari 2008. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya umeme, na Serikali ikaingia mkataba na kampuni iitwayo Richmond ili ilete mitambo ya kufua umeme wa megawati 100. Kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, ikaona kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi hiyo. Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akasimama Bungeni akatangaza kwamba anaacha kazi, lakini alilalamika kwamba kamati haikumwita ili kumsikiliza. Mawaziri wawili wakatoka pamoja naye, na Baraza zima la Mawaziri likavunjika. Tusimhukumu marehemu, malalamiko ya mtu asiyesikilizwa ni mazito, na haki yataka kila mtu asikilizwe. Twaonyesha tofauti tu. Kwa wengine siku ile ilikuwa kuwajibika, kwake mwenyewe ilikuwa ni kuonewa, na mwaka 2015 alipogombea urais upande wa wapinzani alipata kura zaidi ya milioni 6.

Tena mwaka 2013 mambo ya Shinyanga yalikaribia kurudi kwa sura nyingine. Serikali iliona tembo wanakwisha, ikaanzisha msako wa majangili ulioitwa Operesheni Tokomeza. Nia, kama ile ya kwanza, ilikuwa njema. Lakini baada ya majuma machache vilio vikatoka vijijini: watu wamepigwa, wengine wamekufa, ng'ombe wa wafugaji wameuawa. Msako ukasimamishwa. Kamati ya Bunge ilipoleta taarifa yake mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Waziri wa Maliasili, Balozi Khamis Kagasheki, alisimama Bungeni akatangaza mwenyewe kwamba anatoka. Mawaziri wengine watatu, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani na wa Mifugo, waliondolewa na Rais Kikwete siku hiyo hiyo. Wanne walitoka kwa jambo moja, lakini mmoja alisimama na watatu waliinuliwa.

Ila liko jambo moja katika habari hizi linalotusumbua, nasi hatutalificha. Waziri akiisha kutoka, watu hupiga makofi na kwenda zao. Ni wachache wanaouliza kama mjane wa yule aliyepigwa amepata cho chote, au kama mfugaji amelipwa ng'ombe wake. Baada ya Tokomeza Rais aliunda tume ya uchunguzi, na hilo lilikuwa jema. Lakini mtu wa kijijini hahesabu tume, huhesabu ng'ombe. Kutoka kwa mkubwa kusifanywe kuwa mlango wa kufungia shauri.

Pengine msomaji atauliza, je, hakuna njia ya kumzuia kiongozi kabla hajaharibu? Njia zilitafutwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalikuwa makali, na wako walioyazunguka kwa kuandika nyumba kwa jina la shemeji. Mwaka 1991, katika mkutano wa Chama uliofanyika Zanzibar, yakalegezwa, na aliyekuwa Mwenyekiti wa Chama ni Bwana Mwinyi yule yule. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo haimkatazi kiongozi kuwa na mali bali humtaka aitaje kwa maandishi: anapoingia kazini, kila mwisho wa mwaka, na anapotoka. Sisi twaona kwamba kuandika ni kuzuri, mradi awepo mtu wa kusoma.

Sasa tuje kijijini, maana huko ndiko wengi wa wasomaji wetu wanakoketi. Zamani za utawala wa Waingereza, jumbe aliyekula fedha za kodi aliulizwa na Bwana Shauri. Watu wa nchi yake walijua habari zote, tena mapema kuliko Bwana Shauri, lakini swali lilishuka toka juu. Jumbe akajifunza kumpendeza wa juu na kuwasahau wa chini. Desturi hiyo haikufa ujumbe ulipokwisha. Hata mawaziri tuliowataja, wa 1977 walimjibu Rais, na wa 2008 na 2013 walilijibu Bunge. Yule aliyepigwa hakuwako chumbani.

Lakini kijiji kina nguvu ambayo wengi hawaijui. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye miaka 18 au zaidi, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji kile. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hata 25, ni mtumishi wa mkutano huo, si bwana wake. Mkutano wapasa kukaa kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu. Pasiposomwa, mwananchi ye yote ana haki ya kusimama na kuuliza, wala asiambiwe kwamba ana chuki au ametumwa.

Nao walimu twawaomba jambo moja dogo. Hesabu ikisomwa upesi upesi kama sala ya mtu mwenye njaa, mkulima hawezi kuifuata. Mwalimu na aombe iandikwe ubaoni: fedha za choo cha shule ni kiasi gani, saruji mifuko mingapi, stakabadhi ziko wapi. Mwenyekiti mwema hatachukia. Tulipata kuhudhuria mkutano mmoja ambapo mifuko 12 ya saruji haikuonekana. Mwenyekiti hakuichukua yeye, aliyeichukua alikuwa mtunza ghala. Watu wote walikwisha kumgeukia mtunza ghala, ndipo mwenyekiti akavua kofia, akasema, "Ghala ni la kijiji na kijiji mmenipa mimi. Kwanza niulizeni mimi." Wakamwuliza mpaka jua likatua.