Chirwa na Morrison: kwa nini majina mawili makubwa hayakuiokoa KenGold

Ukikaa na wapenzi wa soka Makongolosi, mazungumzo ya KenGold hayakawii kufika kwa Obrey Chirwa na Bernard Morrison. Wapo wanaosema wawili hao hawakuendana. Wapo wanaosema lawama hizo si zao. Msikilizaji, tuutazame ubishi huu kwa utulivu.

Kwanza, tukumbushane. KenGold ya Chunya ilitwaa ubingwa wa Championship msimu wa 2023/24 na kupanda Ligi Kuu. Msimu wa 2024/25 ulianza kwa vipigo, timu ikawa inaburuza mkia. Dirisha dogo lilipofunguliwa, viongozi wakasajili wazoefu, wakiwemo Chirwa kutoka Zambia na Morrison kutoka Ghana.

Kuelewana ni nini?

Kuelewana kwa washambuliaji si urafiki wa nje ya uwanja. Ni kila mmoja kujua mwenzake atakwenda wapi kabla mpira haujafika. Ni kama anayeshuka shimoni na anayeshika kamba juu: kamba ikitikiswa mara moja, wa juu anajua la kufanya bila kuuliza. Mazoea hayo hayaji kwa siku moja.

Chirwa ni mshambuliaji wa kati. Anaishi kwa krosi na pasi za kwenye boksi. Morrison ni winga anayependa kukaa na mpira mguuni na kuwapunguza mabeki. Winga akichelewa kuuachia mpira, straika ameshaotea au ameshabanwa.

Wengi waliwaona kama watu waliozoeana kwa sababu wote waliwahi kuvaa jezi ya Yanga. Lakini Chirwa alikuwa Yanga kati ya 2016 na 2018. Morrison alifika Januari 2020, akahamia Simba mwaka huohuo, akarudi Yanga 2022. Jezi ilikuwa moja, nyakati tofauti.

Tazama Mzize na Dube

Msimu huohuo, Clement Mzize wa Yanga alifunga mabao 14 ya ligi na mwenzake Prince Dube 13. Lakini Dube alijiunga kabla ya msimu kuanza, na bado alisemwa sana na mashabiki mpaka alipofunga mabao matatu dhidi ya Mashujaa Desemba 2024. Tena nyuma yao walikuwepo wapishi wa mabao kama Pacome Zouzoua na Stephane Aziz Ki.

Februari 5, 2025, Yanga iliifunga KenGold 6-1. Bao pekee la KenGold lilitoka kwa Selemani Bwenzi, aliyepiga shuti la mbali sana. Lilikuwa bao zuri, lakini mabao ya namna hiyo hayaji kila wiki. Na timu inayoruhusu mabao sita haiokolewi na washambuliaji wawili, hata wangeelewana kama mapacha.

Maswali matatu ya kuanza nayo

Kabla ya kusema washambuliaji hawaendani, uliza: Wameanza pamoja mechi ngapi? Mipira mingapi inawafikia kwenye boksi? Na nyuma timu inaruhusu mabao mangapi? Mchezaji anayekuja dirisha dogo hukuta nusu ya msimu imekwisha, na kila mechi ni ya kufa na kupona. Hapo hakuna nafasi ya kujifunza taratibu.

KenGold ilimaliza mkiani na kushuka daraja pamoja na Kagera Sugar. Hasara hiyo tunaibeba sisi. Kutoka Makongolosi hadi Chunya ni kilomita 39, na Chunya hadi Mbeya mjini ni 72. Msimu ule, aliyesafiri mwendo huo hadi Uwanja wa Sokoine aliweza kuiona timu ya nyumbani ikipambana na vigogo wa Ligi Kuu. Kurudi huko kunahitaji kikosi kilichozoeana tangu mwanzo wa msimu. Majina yaje baadaye.