Taswira ya Kuongozwa Kabla ya Dawa ya Kutuliza

Anayekwenda kung'olewa gego la mwisho lililokwama katika mfupa wa taya huweza kupewa, pamoja na sindano ya ganzi, dawa ya kutuliza kama vile midazolamu. Dawa hiyo humsinzisha na kumsahaulisha mengi, lakini akiitwa huitikia, si nusukaputi. Hofu, hata hivyo, huanza mapema zaidi, kwenye benchi la kusubiria, na hapo ndipo baadhi ya watabibu hutumia taswira ya kuongozwa.

Namna yake ni nyepesi. Mgonjwa hufumba macho, huvuta pumzi taratibu, kisha sauti tulivu humwongoza kupajenga fikrani mahali anapopapenda: rangi ya maji, mvumo wa upepo, ubaridi wa mchanga chini ya unyayo. Fikra iliyoshughulishwa na hayo hukosa nafasi ya kuhesabu vyombo vya daktari. Mahali hapo pachaguliwe na mgonjwa mwenyewe, kwani ufuo unaomfariji mmoja ni msiba kwa aliyefiwa na ndugu baharini. Asiyeweza kuona picha kichwani, nao wapo, aongozwe kwa pumzi zake tu.

Mbinu hii ni nyongeza. Haichukui nafasi ya ganzi, wala haiondoi sharti la kufunga, ambalo kwa kawaida ni muda wa saa 6 bila chakula na saa 2 bila hata maji. Kliniki ikidai kwamba kwa utulivu huo haina haja ya kukuvika kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, ondoka.

Uliza pia kama huduma hii imeingizwa kwenye ankara, na ni nani anayeiendesha. Una haki ya kuikataa. Kwa maoni yetu, hakuna sababu ya kulipia ghali kile ambacho ndugu aliyekusindikiza angeweza kukusomea kwa sauti ya chini.

Tunalolitilia mkazo zaidi ni ridhaa. Fomu isomwe na kutiwa saini kabla ya dawa, na kabla ya taswira yenyewe kuanza. Aliyekwisha kutulizwa huelekea kukubali analoambiwa, na aliyepewa midazolamu huenda asikumbuke alichokubali. Ikiletwa karatasi mpya baada ya kudungwa sindano, usitie saini. Aliyekusindikiza aombe upasuaji uahirishwe.