«Sahani za moto» juu ya Katanga: karatasi ya CIA inasema nini?

Ile karatasi ya CIA yenye kutembea katika matelefone ni ya kweli. Ni ya Agosti 1952. Inasema kama visahani viwili vyenye kuwaka vilionekana juu ya machimbo ya uraniamu, upande wa Elisabethville, leo Lubumbashi. Komanda Pierre akavifuata na ndege ya vita, akakaribia kimoja kwa meta 120 hivi. Kisha dakika 15 akaacha: vilipotelea upande wa ziwa Tanganyika, kwa mwendo aliokadiria kilomita 1.500 kwa saa.

Lakini karatasi hiyo si anketi. Ni tafsiri tu ya habari ya gazeti la Vienna, Die Presse. Juu ya nini CIA ijali? Uraniamu ya Shinkolobwe ndiyo iliingia katika bomu la Hiroshima, 1945.

Anketi zenyewe zilifanywa na jeshi la anga la Marekani: kutoka 1947 mpaka 1969, ripoti 12.618; kati yazo 701 hazikupata maelezo. Kukosa maelezo haiseme kama ni wageni wa sayari nyingine.

Kwa hiyo, muhuri wa CIA unaonyesha kama waliisoma habari. Hauonyeshe kama ilitokea.