Ngozi ya Uso Baada ya Kuungua: Tutarajie Nini?



Uji umemwagika, koroboi imelipuka, au mtoto ameangukia jikoni. Uso umeungua. Baada ya vilio, swali la kwanza la wenye nyumba huwa ni hili: je, uso utarudi ulivyokuwa? Mara nyingi hupona vizuri, lakini polepole kuliko tunavyodhani. Wengi huacha kuutunza siku kidonda kinapofunga, na hapo ndipo shida huanza. Kufunga kwa kidonda ni nusu ya safari tu.

SIKU YA KWANZA

Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina polepole kwa jagi. Hata muda wa saa mbili ukipita, maji bado yanasaidia. Barafu usiweke. Mtoto mdogo afunikwe mwili asishikwe na baridi. Nguo iliyoshikana na ngozi usiivute.

Usipake dawa ya meno, unga, yai bichi, majivu wala mavi ya ng'ombe. Vitu hivi haviponyi, vinaingiza uchafu, na baadaye muuguzi atalazimika kuvisugua ili aone kidonda.

Funika kwa leso safi, kisha nenda kituo cha afya. Kila aliyeungua uso aonekane na mhudumu, na aulizie sindano ya pepopunda. Lakini mwenye masizi puani, sauti iliyokauka au anayehema kwa shida akimbizwe hospitali mara moja. Koo lake laweza kuvimba na kuziba.

SIKU MBILI TATU ZINAZOFUATA

Uso utavimba. Macho yaweza kufumba kabisa hata mama aogope kwamba mtoto amekuwa kipofu. Uvimbe huu ni wa kawaida. Mgonjwa alale kichwa kikiwa juu kidogo, nao utaanza kushuka baada ya siku mbili hivi. Hata hivyo, mhudumu ayaangalie macho mapema, kabla hayajafumba.

Malengelenge msiyapasue nyumbani.

WIKI YA KWANZA HADI YA TATU

Ngozi mpya hutoka wapi? Hutoka pembeni mwa kidonda, na pia ndani yake, kwenye mashina ya nywele na vifuko vya jasho vilivyosalia. Uso una vinyweleo vingi, ndiyo sababu hupona haraka kuliko sehemu nyingine nyingi za mwili.

Palipokuwa pekundu tu hupona kwa wiki moja hivi. Palipotoka malengelenge, na chini yake pana rangi ya waridi na panauma, huchukua wiki mbili hadi tatu. Lakini palipo peupe, pa kahawia au peusi, pagumu kama ngozi ya kiatu, pameungua sana. Hapo mgonjwa aweza kusema haumwi. Ndugu, hiyo si dalili njema: mishipa ya kuhisi maumivu imeungua. Kidonda cha namna hiyo, au kile ambacho hakijafunga baada ya wiki tatu, kinahitaji daktari. Huenda akapandikiza ngozi.

Nawa mikono kwanza. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha paka dawa uliyopewa. Magamba usiyabandue. Mgonjwa ale maharagwe, ndengu, mayai, omena na maziwa, maana mwili unajenga. Mkiona usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudini hospitali siku hiyo hiyo.

MIEZI INAYOFUATA

Sasa kidonda kimefunga. Tarajieni mambo haya:

1. Rangi. Ngozi mpya yaweza kuwa ya waridi au nyeupe, na majirani huanza kunong'ona ati ni ukoma au laana. Si kweli. Tabaka lenye rangi liliungua. Rangi hurudi kidogo kidogo, na pengine hupitiliza ikawa nyeusi kuliko mwanzo. Palipoungua sana huenda isirudi yote. Msikimbilie krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina zebaki, nayo huharibu figo.

2. Jua. Ngozi changa huungua upesi na kubaki na madoa. Vaa kofia pana au leso kwa mwaka mzima.

3. Mwasho. Huu husumbua sana, hasa usiku. Kata kucha za mtoto, na paka mafuta kama Vaseline mara kadhaa kwa siku huku ukikanda taratibu.

4. Kovu. Laweza kuinuka na kuwa gumu katika miezi ya kwanza, kisha likalainika. Kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja au miwili. Likivuka mpaka wa kidonda na kuzidi kukua, ni keloidi. Mwone daktari, usilikate.

5. Kuvutana. Kovu linapokauka huvuta. Mtu afungue mdomo wazi, afumbe macho kwa nguvu, ainue kidevu juu, mara nyingi kila siku. Aliyeungua shingo asilalie mto. Kope zikishindwa kufunga, msingoje: jicho likikauka laweza kupofuka.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wengi wetu huenda kumwona mgonjwa wiki ya kwanza na sukari na mkate, kisha tunanyamaza. Mwezi wa tatu ndipo mama amechoka, nauli ya kliniki imekwisha, na mtoto hataki shule kwa sababu wenzake wanamtazama. Hapo ndipo kikundi kinahitajika. Changeni nauli. Zungumzeni na mwalimu kabla mtoto hajarudi darasani. Mtazameni machoni na mumwite kwa jina lake.

Maswali ya kujadiliana:
- Mtu akiungua hapa kwetu, hupakwa nini kwanza? Tutabadilishaje?
- Ni nani kijijini ana kovu linalovuta, na hajawahi kupelekwa hospitali?
- Je, majiko yetu yameinuliwa mbali na watoto?