Wakili wa Mtumishi Aliyeumia Kazini

Jioni hii twataka kueleza jinsi mtumishi wa serikali kuu ya Marekani, akiumia kazini, awezavyo kupata wakili pasipo kumaliza mali yake. Wasemaji wa lugha yetu wako huko pia, na aliyeajiriwa na posta ya nchi ile amo katika sheria hii.

Tuseme mchukua barua ameteleza ngazini, mgongo ukaumia. Kazi haiwezi, na watoto wangali wataka chakula. Sheria imhusuyo iliwekwa mwaka 1916, nayo husimamiwa na Wizara ya Kazi. Dai lake likikubaliwa, atalipiwa matibabu, na badala ya mshahara atapewa theluthi mbili yake, au robo tatu ikiwa ana watu wanaomtegemea.

Je, likikataliwa? Katika kesi nyingine nyingi za kuumia, wakili wa huko hukubali kungoja, kisha hujilipa fungu la fidia. Katika sheria hii mapatano hayo hayaruhusiwi. Wala serikali haimlipi wakili, hata mtumishi akishinda. Mtumishi mwenyewe hulipa. Ndiyo sababu mawakili wengine huzikataa kesi hizi.

Walakini sheria imemwekea mtumishi ngao. Yampasa wakili kuandika saa alizofanya kazi na bei ya kila saa, na ujira wake sharti upate idhini ya serikali kwanza. Akiupokea bila idhini, ametenda kosa la jinai. Fedha iliyotangulizwa huwekwa kama amana mpaka idhini itoke.

Basi mtu wa mshahara mdogo afanyeje? Kwanza, ajue kwamba msemaji wake si lazima awe wakili. Aweza kumteua mtu mwingine kwa barua, na mara nyingi chama cha wafanyakazi kina mtu aliyezoea kazi hiyo. Aulize huko kabla ya kufungua mfuko wake.

Pili, afanye mwenyewe yasiyohitaji wakili. Apeleke habari ya ajali kwa maandishi kabla ya siku 30 kupita. Hivyo aweza kuendelea kupata mshahara hata siku 45 akiwa hawezi kazi. Dai lenyewe lisipite miaka 3. Tena apate barua ya daktari. Kusema tu kwamba mgongo wauma hakutoshi. Daktari aeleze, pamoja na sababu zake, jinsi kazi ile ilivyouumiza.

Tatu, akimwendea wakili, amkabidhi fundo lililomshinda tu. Achukue barua ya kukataliwa na hati zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe, maana saa za kupanga karatasi nazo hulipiwa. Amwulize: Umepata kuzishika kesi za sheria hii? Saa moja ni bei gani? Wadhani zitahitajika saa ngapi?

Wala asikawie. Tangu tarehe ya barua ile ana siku 30 za kuomba kusikilizwa, mwaka 1 wa kuomba dai litazamwe upya, na siku 180 za kukata rufani kwenye Baraza la Rufani. Baraza hilo halipokei ushahidi mpya. Husoma yale yaliyokwisha kuwekwa katika jalada. Na kwa kawaida hakuna mahakama iliyo juu yake. Kwa hiyo barua njema ya daktari, iliyowekwa mapema, yaweza kufaa kuliko wakili hodari aliyeitwa mwisho.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya mfanyakazi ni mali yake ya kwanza. Basi na aiandikie daftari tangu siku ile ile aliyoumia.