Marekani: Kupanda ndege mapema ni haki ya abiria mwenye ulemavu

Katika viwanja vya ndege vya Marekani, abiria wenye ulemavu huitwa kuingia ndegeni kabla ya wengine. Wengi hudhani hiyo ni hisani ya shirika la ndege. Kumbe ni haki iliyowekwa kisheria.

Sheria inayoyakataza mashirika ya ndege kuwabagua watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1986, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu kuamua kwamba sheria iliyokuwapo haikuyabana mashirika mengi. Kanuni zake zinaagiza kwamba kila anayejitambulisha langoni kuwa anahitaji muda zaidi au msaada ili apande, aweke kifaa chake au akae kitini, aruhusiwe kutangulia.

Neno la kuzingatia ni kujitambulisha. Anayenyamaza anaweza kuikosa nafasi hiyo, hasa ikiwa ulemavu wake hauonekani kwa macho. Wahudumu wanaweza kumuuliza anahitaji msaada gani, lakini kwa kawaida hatakiwi kuonyesha cheti cha daktari.

Kutangulia kuna faida kubwa kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu kinachokunjika. Ndege zenye viti 100 au zaidi hutakiwa kuwa na nafasi ya angalau kiti kimoja cha aina hiyo ndani, na anayepanda mapema hupewa kipaumbele mbele ya mizigo ya abiria wengine. Akichelewa, kiti chake huenda kikapelekwa pamoja na mizigo. Mwaka 2023, mashirika ya Marekani yaliripoti zaidi ya viti 11,000 vilivyoharibika, kupotea au kucheleweshwa.

Haki hiyo pia hutumiwa vibaya. Shirika la Southwest, ambalo hadi Januari 2026 halikuwa likiwapangia abiria viti, lilikuwa na sifa ya kuvutia watu waliojifanya wagonjwa ili wachague viti vizuri. Wanaoumia ni wahitaji wa kweli, kwani hutazamwa kwa shaka.

Tangu mwaka 2009, kanuni hizo zinayahusu pia mashirika ya kigeni katika safari za kwenda au kutoka Marekani, ikiwemo ile ya Nairobi hadi New York. Abiria anayenyimwa haki yake anaweza kudai, papo hapo uwanjani, kuzungumza na afisa wa malalamiko ambaye kila shirika linalazimika kuwa naye, ana kwa ana au kwa simu.