Mahabusu Si Mfungwa

Mkazi wa Temeke akisema, "Ndugu yangu amefungwa Keko," wasikilizaji humpa pole, wala hakuna amsahihishaye. Lakini maneno hayo yakiingia katika barua ya serikali au katika tafsiri ya hati ya mahakama, mtu ambaye hajahukumiwa na hakimu amekwisha hukumiwa na karani. Keko, kama Segerea iliyoko Ilala, ni gereza la mahabusu, yaani pahali wanapowekwa hasa watu wanaongoja kesi zao ziamuliwe.

Neno mahabusu limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni mtu aliyefungwa tu, awe amehukumiwa au la. Kiswahili kimeibana maana hiyo, kikampa neno yule ambaye kesi yake haijaamuliwa. Mfungwa ni yule aliyekwisha kutiwa hatiani na kupewa kifungo. Kiingereza cha sheria mara nyingi huwaita wote wawili kwa neno moja, na hapo ndipo mfasiri asiyeangalia huteleza. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(b), yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Kumwita mfungwa ni kuanza kumtendea hivyo.

Wapo wanaoliita mahabusu hata jengo lenyewe. Afadhali katika hati neno hili liachiwe mtu, na pahali paitwe gereza la mahabusu, au rumande, neno walilotuachia Waingereza. (Gereza nalo hudhaniwa kuwa limetokana na neno la Kireno la kanisa, boma la kale la Kilwa Kisiwani laitwa Gereza hadi leo.)

Yuko na mtu wa tatu: aliyewekwa kizuizini. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais mamlaka ya kuamuru mtu azuiliwe pasipo kushtakiwa. Tume ya Jaji Nyalali, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliitaja miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Mtu huyu hana shtaka, hana tarehe ya kesi, wala dhamana ya kuomba. Basi "kizuizini" lisitumiwe ovyo kwa kila aliyeko rumande.

Mshtakiwa wa mauaji au uhaini hapewi dhamana. Kesi yake husikilizwa na Mahakama Kuu, au na hakimu aliyeongezewa mamlaka. Kabla ya hapo hupelekwa mahakama ya chini na kurudishwa, kesi ikitajwa tu. Kutajwa si kusikilizwa. Aandikaye kuwa kesi "imesikilizwa mara 20" huwadanganya jamaa walioko Kinondoni, ambao hudhani kwamba ushahidi umekwisha kutolewa.

Hata atokapo, maneno hutofautiana. Mfungwa humaliza kifungo. Mahabusu huachiwa kwa dhamana, ama huachiwa huru akionekana hana hatia. Mwajiri akisoma katika barua kwamba mtu huyu "alimaliza kifungo Keko," hatauliza zaidi, atalifunga faili.